Ngano Mwitu Isiyohesabika kwa Mizizi Peke Yake

(Mhadhara kwa walimu wa baiolojia na wanafunzi wa kidato cha sita, Tanga mjini)

Walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliopanda gari kutoka Muheza na Pangani, asalaam aleikum na habari za jioni.

Najua mnajiuliza: Tanga na ngano wapi na wapi? Ngano yetu hulimwa Hanang, Karatu na nyanda za juu kusini. Huku pwani tunaijua ikishakuwa unga. Basi nianze na mmea wa hapa hapa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, na hiyo ndiyo iliyojaza mashamba. Mkonge una seti tano za kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba sifa za urithi, jumla kama 150. Seti tano hazigawanyiki kwa usawa, mbegu zake ni za taabu, ndiyo maana tunapanda vichipukizi vinavyoota juu ya mlingoti. Shamba zima ni kama mmea mmoja uliorudiwa.

Mmea wa leo ni kinyume kabisa. Unaitwa Aegilops speltoides, ngano mwitu, nyasi ya kawaida tu kwa macho, yenye kromosomu 14. Hupokea chavua kutoka kwa jirani, kwa hiyo kila mche una mchanganyiko wake. Makazi yake yanaanzia pwani ya mashariki ya Mediterania, yanapita Lebanoni, Siria na kusini mwa Uturuki, hadi kaskazini mwa Iraki na magharibi mwa Irani: mvua wakati wa baridi, kiangazi kikavu. Usiitafute Lushoto.

Kwa nini tuijali? Ngano ya mkate ina kromosomu 42, yaani jenomu tatu (mikusanyo ya kromosomu kutoka kwa mababu watatu), za kromosomu 14 kila moja. Jenomu A ilitoka kwa Triticum urartu, D kwa Aegilops tauschii wa upande wa Bahari ya Kaspi. Hiyo ya tatu, B, ndiyo iliyowagombanisha wanasayansi kwa miaka mingi. Katika mimea iliyo hai leo, ndugu yake wa karibu zaidi ni hii speltoides, ingawa haifanani nayo kiasi cha kusema ndiye mzazi mwenyewe.

Zamani wataalamu wa mimea waliigawa kuwa spishi mbili. Moja ina ndevu kwenye suke lote, na suke likikauka hupukutika kipande kipande. Nyingine ina ndevu kileleni tu na suke huanguka zima. Ukienda porini unazikuta zimesimama bega kwa bega, zinazaana, na tofauti yote hiyo imebebwa na jeni chache zilizokaa pamoja kwenye kromosomu. Sura ilidanganya.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mwanafunzi akitaka kuhesabu kromosomu hufundishwa hivi: otesha mbegu, kata ncha za mizizi, ziweke kwenye maji ya barafu usiku kucha, zihifadhi kwa alkoholi na asidi ya siki, tia rangi, ponda, tazama kwenye hadubini. Ncha ya mzizi inapendwa kwa sababu seli zake hugawanyika kwa wingi. Kwa speltoides utapata 14, utaandika 14, na huenda umekosa.

Baadhi ya mimea hii ina kromosomu za ziada ziitwazo kromosomu B. (Msizichanganye na jenomu B niliyoitaja, wametuonea kwa kutumia herufi moja.) Mmea unaishi vizuri bila hizo. Ukiwa nazo chache hausumbuki, zikizidi uzazi unadhoofika. Zimewahi kuonekana hadi nane katika mmea mmoja. Ajabu ni kwamba zipo kwenye majani na masuke, lakini kwenye mizizi hazimo! Kiinitete kikiwa bado kichanga ndani ya mbegu, seli zinazoelekea kuwa mzizi zinapogawanyika, nusu mbili za kromosomu B hushindwa kuachana. Huachwa nyuma, hufungwa kwenye vifuko vidogo nje ya kiini cha seli, kisha huvunjwavunjwa. Kwa hiyo anayetaka kuzijua lazima achukue suke changa.

Suke changa lina faida nyingine. Kwenye chavulio, kifuko kinachotengeneza chavua, kromosomu zinapojipanga jozi jozi, utaona kama vipande vimebadilishana mahali: badala ya jozi mbili, kromosomu nne hushikana zikafanya pete. Mabadilishano hayo yapo kwa speltoides. Kwa ngano mwitu nyingine, Triticum araraticum wa Armenia, Azabajani na Iraki, ni mengi mno. Na hayakusambaa sawa ramani nzima, ndiyo maana mbegu za bonde moja haziwezi kuwasemea wenzao wa bonde la pili.

Mwalimu mmoja ameniletea kikaratasi: faida yake kwa mkulima ni ipi? Kutu ya shina ni ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, na aina yake iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, baadaye ikafika na kwetu. Mojawapo ya jeni zinazoihimili, Sr39, imetoka kwa speltoides. Ila ilipohamishiwa kwenye ngano iliburuta kipande kirefu cha kromosomu chenye tabia zisizotakiwa, na watafiti walilazimika kukipunguza. Waliweza kwa kutumia ngano iliyokosa jeni Ph1, ile inayozuia kromosomu za jamaa tofauti kushikana. Ph1 ikiondoka, kromosomu ya ngano na ya speltoides hukubali kubadilishana vipande, kisha unachagua mche uliobaki na kipande kifupi chenye Sr39 ndani yake.