Kunyanyua Forester: Shokapu Kwanza, Urefu Baadaye

KASSIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunaishughulikia Subaru Forester ya kizazi cha pili, ile yenye msimbo wa SG, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2002 na bado imejaa katika barabara zetu. Dada Zuhura, mmiliki anayetaka kuliandaa gari hili kwa njia mbovu huanza kwa kuuliza alinyanyue kwa inchi ngapi.

ZUHURA: Ahsante, kaka Kassim. Mimi humrudisha kwanza kwenye shokapu. Gari lililotumika Japani miaka mingi, kisha likatumika hapa, mara nyingi limelala nyuma kwa sababu springi zimelegea, na shokapu hazina tena nguvu ya kutuliza mruko wake. Ukiliwekea spesa, yaani vipande vya kuongeza urefu, gari la namna hiyo, unaunyanyua ugonjwa pamoja na mgonjwa.

KASSIM: Tuseme shokapu ni mpya. Muuza spea atampa spesa za alumini za kuweka juu ya shokapu, na kazi inakwisha siku hiyohiyo. Ubaya wake uko wapi?

ZUHURA: Spesa ya juu huishusha shokapu nzima pamoja na springi yake, kwa hiyo ugumu wa springi haubadiliki na dereva hataona tofauti kubwa akiwa kwenye lami. Tatizo huonekana gurudumu linaponing'inia: mkono wa chini unaoshika gurudumu unashuka kupita ilivyokusudiwa na jointi za ekseli zinazunguka kwa pembe kali, mpira unaozifunika unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Springi ndefu juu ya shokapu ya kiwandani zina kasoro nyingine. Hapo shokapu yenyewe inaizuia ekseli isishuke mno, lakini sehemu ya mwendo wa kushuka imekwisha kuliwa gari likiwa limesimama tu, kwa hiyo gurudumu likiingia shimoni linafika kikomo upesi, unasikia mgongano wa chuma kwa chuma, na tairi linaachana na ardhi. Ndiyo maana napendelea shokapu ndefu kidogo pamoja na springi zilizotengenezwa kwenda nazo, na nyongeza isizidi milimita 30 hadi 40.

KASSIM: Wapo wanaotaka 50 na zaidi.

ZUHURA: Wajue basi kwamba hawanunui spesa nne tu. Nyuma kuna mkono unaoelekea mbele, na gari likinyanyuka mkono huo hulivuta gurudumu mbele hadi tairi likaribie kugusa ukingo wa bodi, kwa hiyo nao unahitaji spesa zake. Ili kurekebisha pembe za ekseli, wengine huishusha fremu inayobeba difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu. Hapo hesabu hugeuka, kwa sababu katika Forester difu imefungwa chini ya bodi na hupanda pamoja nayo, tofauti na Suzuki Jimny yenye ekseli ngumu, ambayo difu yake hupandishwa na tairi peke yake. Ukiishusha fremu, unairudisha difu kwenye mawe uliyokuwa unayakwepa.

KASSIM: Na tairi je?

ZUHURA: Ukitoka 215/60 R16 kwenda 215/65 R16, kipenyo kinaongezeka kwa milimita 21.5, na nusu yake, karibu milimita 11, ndiyo inayonyanyua kila kitu kilicho chini ya gari bila kugusa pembe yoyote. Ubavu mrefu wa tairi pia hupokea mawe vizuri zaidi.

KASSIM: Sasa tuje kwenye kona. Anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo ana haki ya kuogopa gari lililonyanyuliwa.

ZUHURA: Anayo, kwa kuwa kitovu cha uzito kimepanda na gari hulala zaidi. Stabilaiza nene ya nyuma, ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, husaidia sana, na hupunguza ile tabia ya pua kukataa kona, lakini huyafunga magurudumu mawili pamoja, kwa hiyo kwenye makorongo gurudumu moja hubaki hewani mapema zaidi. Huwezi kupata vyote. Anayetumia lami siku nyingi za mwaka aichague. Anayekwenda Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu aweke fedha kwenye shokapu za gesi zilizo bora, kwa sababu mawimbi ya njia ile huchemsha mafuta ya shokapu za kawaida yakatoa povu, na baada ya hapo gari huanza kuelea.

KASSIM: Wapenzi wa Safari Rally watakumbuka kwamba mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa Subaru Vivio, gari lenye injini isiyofika sentimita 700 za ujazo.

ZUHURA: Gari jepesi! Watu wetu hutumia fedha nyingi kwenye springi, kisha wakapandisha juu ya paa keria ya chuma, tairi la akiba na madumu ya mafuta.

KASSIM: Fundi akimaliza, mmiliki akague nini kabla ya kulipa?

ZUHURA: Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, bila kujadiliana. Gari likinyanyuka, sehemu ya juu ya magurudumu ya mbele huegemea nje. Bolti ya juu kati ya mbili zinazofunga shokapu ya mbele ndiyo inayozungushwa kulirudisha gurudumu mahali pake. Taa nazo zishushwe. Na bushi za mikono, yaani mipira iliyo kwenye maungio yake, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, wala si likiwa juu ya jeki, kwani bushi iliyokazwa mkono ukiwa umening'inia hubaki imejipinda muda wote gari linapotembea, na mpira wake hukatika kabla ya wakati.