Kosa Halikuwa la Kifurushi

Hamjambo ndugu zangu! Leo sauti haikatiki, mmeona? Wiki zote zile mlikuwa mnaniandikia "umeganda, umeganda", na mama kwenye simu ya video ananikuta nimeachama mdomo kama samaki. Nilibakiza kidogo tu nipandishe kifurushi cha intaneti. Hela ingeenda bure.

Kabla hujalipa chochote, chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, upime kasi. Kisha chomoa, rudi mahali unapokaa siku zote, upime kwa waifai. Mimi kwa waya nilipata megabiti 94 kwa sekunde, kwa waifai 6. Kumbe mtandao unaingia mzima, unafia ndani!

Nikafungua orodha ya waifai, nikahesabu majina 23. Ndiyo maisha ya fleti: jirani wa juu, wa chini, wa ubavuni, kila mmoja na ruta yake, na wengi wamerundikana kwenye gigahezi 2.4, moja ya bendi za mawimbi ya waifai. Kule chaneli, yaani vijia vya mawimbi, zisizoingiliana ni 3 tu: namba 1, 6 na 11. Ukijiweka kwenye 3 ukidhani umewakwepa watu, unawavuruga wa 1 na wa 6 kwa mpigo, na wao wanakuvuruga wewe. Hapo maikrowevu haijawashwa, maana nayo inapiga kelele humo humo.

Nikahamia bendi ya gigahezi 5. Nafasi tele, kasi nzuri, ila kuta inaziogopa, hasa za zege. Na ruta yangu nilikuwa nimeificha kabatini, mlango wake una kioo cha kujitazama. Nyuma ya kioo kuna utando wa metali, na metali inarudisha mawimbi. Nikaitoa, nikaipandisha juu ya rafu, antena zikasimama wima. Msiielekezee kompyuta ncha ya antena kama mnanyooshea mtu kidole. Mawimbi hutokea ubavuni.

Lakini mchawi mkubwa alikuwa kompyuta yenyewe. Ya mezani, boksi la chuma, nimeliweka chini ya meza, na antena zake ziko mgongoni zikitazama ukuta! Hata ruta ya dhahabu isingesaidia. Nikanunua antena yenye waya, nikaiweka juu ya meza: megabiti 61. Nilipima mara tatu, sikuamini. Ukitumia kile kidude cha waifai cha USB, kitoe mbali kwa waya wa kurefusha, kwa sababu matundu ya USB 3 yenyewe yanavuruga gigahezi 2.4.

Kirudishia mawimbi, kile kifaa kinachopokea waifai na kuirusha mbele zaidi? Kinasaidia, ila watu hukiweka kwenye chumba kile kile kisichoshika, kinabaki kurudisha udhaifu. Kiweke katikati ya njia, pale ambapo mtandao bado una nguvu.

Haya, mama anapiga. Leo ataniona nimefunga mdomo.