Geuza miezi ya mwandamo kuwa karne: hesabu ya Msikiti wa Kizimkazi

Assalaam alaykum wapenzi watazamaji, karibuni. Leo tunahitaji kikokotoo cha simu, karatasi na kalamu, basi. Tunachukua miezi ya mwandamo, maelfu kwa maelfu, tunaigeuza kuwa miaka ya Miladi. Kalenda za ukutani ninazouza zina tarehe zote mbili, Hijria na Miladi, lakini ni za mwaka mmoja mmoja. Wateja wanataka karne, na mimi raha yangu iko hapo.

Mfano wetu ni Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini Unguja. Kwenye mihrabu yake kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa, herufi zimenyooka juu na ncha zake zimetiwa nakshi za majani. Mkijaaliwa kufika, msiyapite haraka. Yanataja Jumapili, mwezi wa Dhulqaada, mwaka 500 Hijria. Yaani Mfunguo Pili, kwa hesabu yetu ya pwani.

Sasa tuhesabu kutoka hapo hadi Mfunguo Pili ya 1446, iliyoanza mwishoni mwa Aprili 2025. 1446 toa 500, 946. Zidisha kwa 12, miezi 11,352. Mwezi ni uleule, kwa hiyo hakuna cha kuongeza. Ungetaka kufika Muharram ya 1447 ungeongeza miwili: Mfunguo Tatu, kisha Muharram wenyewe.

Twende kwenye siku. Hapa naomba utulivu. Kila mtu anajua mwezi huandama baada ya siku 29 au 30, kwa hiyo mkono unakimbilia kuandika 29.5. Usiandike 29.5! Wastani wa mwezi ni siku 29.530588. Andikeni pamoja nami: ishirini na tisa, nukta, tano tatu sifuri tano nane nane. Hiyo sifuri ya katikati isirukwe.

Zidisha kwa 11,352, bonyeza sawasawa... Subirini. Mwanga wa dirisha umepiga kioo, hamwoni tarakimu. Nasogeza simu huku. Bado. Nafunga pazia. Haya, sasa inasomeka: 335,231.23. Hizo ni siku.

Mngetumia 29.5 mngepata 334,884. Tofauti ni siku 347, karibu mwaka mzima umepotea kwa sababu ya vijidesimali. Kwa mwezi mmoja havionekani, ni dakika 44 tu. Kwa miezi elfu kumi na moja vinakula Ramadhani nzima na Idi zake zote mbili. Ukiwa na haraka sana weka 29.53, utakosea kwa wiki moja hivi. Lakini 29.5, hapana.

Sasa gawa kwa 365.2425, urefu wa wastani wa mwaka wa Miladi. Inakuja 917.832. Miaka 917 hiyo, na hizo desimali si siku 832, wala si siku 83! Narudia: desimali ni sehemu ya mwaka. Toa 917, ibaki 0.832, zidisha kwa 365, upate siku 304 kasoro kidogo. Kwa hiyo ni miaka 917 na siku 304, ilhali kwa Hijria ni 946 kamili. Miaka 28 na ushei katikati, na hakuna aliyedanganya: mwaka wa mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo unautangulia wa jua kwa siku kama kumi na moja kila mara.

Ndiyo maana nasisitiza tupitie kwenye siku. Siku haina Hijria wala Miladi, jua likizama imeisha.

Tufanye na ile miezi elfu ya Laylatul Qadri, maana kila Ramadhani naulizwa. 1,000 gawa kwa 12 ni miaka 83 na miezi minne, na ni sahihi, ila ni miaka ya mwandamo. Kwa Miladi: siku 29,530.588, gawa kwa 365.2425, inakuja 80.85. Miaka 80 na miezi kumi. Mtu akikutajia 83 na mwingine 80, waulize kwanza wanahesabu kwa kalenda gani.

Na ukitaka kujihakikishia bila kikokotoo, shika hii: miaka 33 ya Hijria hukaribiana sana na 32 ya Miladi, tofauti yake ni siku sita tu. Kizimkazi, 946 gawa kwa 33, zidisha kwa 32, utapata 917 na kidogo. Ukipata 946 ile ile, au 970, rudi kwenye karatasi uanze na zile siku.