Kwa Nini Hatukununua Nyumba Mpya: Estate za Uingereza na Gari la Fundi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena Northampton. Leo sitoki nje, nipo hapa hapa jikoni, chai ipo, tuongee. Kila nikiwapitisha kwenye zile nyumba mpya za matofali mekundu, swali ni lile lile: mama, mbona ninyi hamkununua pale? Mbona mkachukua nyumba ya zamani, ya kubanana ukuta kwa ukuta na jirani?

Sababu ni gari la kazi. Baba watoto ni fundi bomba. Ana van nyeupe, ngazi juu, ndani kuna mabomba, mashine ya kukatia, mitungi ya gesi ya kuchomelea, kila kitu. Hilo gari ndilo linalotulisha. Na kwenye ile estate, yaani ule mtaa wa nyumba mpya, gari la namna hiyo haliruhusiwi kulala mbele ya nyumba yako, nyumba uliyoinunua kwa pesa yako na mkopo utakaoulipa mpaka uzeeni.

Najua kuna watakaosema serikali ya Uingereza imezidi. Hapana, serikali haimo. Hakuna sheria ya Bunge inayosema fundi asipaki van nyumbani kwake. Halmashauri haimo, polisi hawamo. Hili ni sharti lililoandikwa kwenye hati ya nyumba yenyewe. Kampuni ya ujenzi ikiuza ile ploti kwa mara ya kwanza, mnunuzi anaahidi kwa maandishi kwamba hatafanya moja, mbili, tatu. Hatafuga kuku, hatabadilisha rangi ya mlango bila ruhusa, hatajenga ukuta mbele, hatapaki gari la biashara. Akishasaini, ahadi ile haimfuati yeye, inang'ang'ania ardhi kama ruba. Anayenunua kutoka kwake inamkuta. Atakayenunua kutoka kwa huyo wa pili, inamkuta.

Mkiuliza inawezekanaje mtu kubanwa na ahadi ambayo hakuitoa yeye, jibu liko London, Leicester Square, pale kwenye majumba ya sinema ambapo kila mgeni anapiga picha. Katikati pana bustani. Mwaka 1808 mwenye bustani ile, Tulk, aliiuza kwa sharti kwamba ibaki wazi na itunzwe, isijengwe majengo. Ikapita mkono hadi mkono, mpaka ikamfikia Moxhay. Yeye alikuwa analijua lile sharti, lakini akataka kujenga. Hoja yake, mimi sikumwahidi Tulk chochote. Mwaka 1848 mahakama ikamkatalia: umenunua ukijua, basi linakubana na wewe. Bustani ipo mpaka leo. Na mlango aliofungua Tulk ndio huo huo wanaopitia leo hawa wa nyumba mpya kukuambia van yako ikalale kwingine.

Sasa niwaeleze sisi lilitukuta vipi. Nyumba tuliipenda, nisiwafiche. Jiko lenye mwanga, vyumba vitatu, shule jirani. Dada wa ofisi ya mauzo alikuwa mchangamfu, ametupikia kahawa, watoto kawapa maputo. Baba watoto akamuuliza mwenyewe, mimi nina van, itakuwaje? Akajibu, wala msijali, hakuna anayefuatilia hayo mambo. Tukarudi nyumbani tunahesabu fanicha.

Wakili wetu akatutumia rasimu ya hati ya uhamisho, fomu wanayoiita TP1. Kurasa nyingi, herufi ndogo. Kipande chenyewe, nikiwasomea kwa Kiswahili chetu, kinasema hivi: kutoegesha kwenye eneo la nyumba, wala kwenye barabara za estate, karavani, mashua, trela, wala gari lolote la biashara, isipokuwa gari linaloleta au kuchukua mzigo kwa muda huo. Basi. Hakuna "isipokuwa mwenye nyumba ni fundi".

Estate nyingine zina ukarimu kidogo: zinaruhusu van ndogo, au zinataja uzito, au zinakataza mbele ya nyumba tu, ukiiweka nyuma au gereji hawana neno. Ndiyo maana nasema usisikilize ya mtu mwingine. Estate mbili za kampuni moja, zinatazamana, zinaweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Soma ya kwako.

Na jambo jingine, hata sharti lingekuwa halipo, vile viwanja vya kupaki vyenyewe havikuwazwa kwa ajili ya fundi. Baba watoto alitoa tepu yake pale pale mbele ya nyumba ya maonyesho, akapima. Nafasi ya gari moja Uingereza kwa kawaida ni mita 2.4 kwa 4.8. Van kama Ford Transit Custom, ile fupi kabisa, ina kama mita 5. Maana yake tako la gari linabaki juu ya njia ya waenda kwa miguu, na mama mwenye kigari cha mtoto ashuke barabarani. Hapo hata mimi ningelalamika.

Tukamrudia wakili: je, yule dada alivyosema hakuna anayefuatilia? Wakili akasema maneno ya mdomo ya ofisi ya mauzo hayana kazi, kwa sababu mkataba wenyewe unasema mnunuzi asitegemee chochote ambacho hakikuandikwa. Tukaomba basi wakiandike: barua ya idhini, ikiitaja van ya baba watoto, au kifungu kirekebishwe kabla ya kusaini. Kampuni ikakataa, wanunuzi wote ni sawa, masharti hayabadilishwi. Tukajitoa. Huku England, kabla pande mbili hazijabadilishana mikataba iliyosainiwa, upande wowote unaweza kujitoa. Tulichopoteza ni ada ya wakili na ya ukaguzi. Iliuma, lakini afadhali.

Nasema afadhali kwa sababu ya ndugu yetu mmoja, Mkenya, fundi umeme, sitamtaja. Yeye alinunua kwenye estate nyingine, mji mwingine, akaambiwa maneno kama yale yale. Mwaka wa kwanza ukaenda vizuri. Nyumba za mwisho zilipokuwa zinauzwa, barua ikaingia. Lugha ya adabu kabisa: tumegundua gari la biashara, tafadhali liondoe, usipofanya hivyo tunaweza kwenda mahakamani kuomba zuio na gharama. Kwa nini wakati ule? Kwa sababu kampuni inataka mteja akija kuangalia nyumba aone maua na gari dogo la familia, asione ngazi na maandishi ya simu ya fundi. Na hapo ndipo moyo wangu unapokataa. Sharti la bustani ya Leicester Square liliacha sehemu wazi ambayo mpaka leo watu wanaipumulia. Hili la van linaficha kazi ya mtu ili nyumba ziuzike. Mhasibu akirudi na gari la ofisi lenye thamani mara mbili ya van, haguswi. Tofauti ni kwamba kazi ya fundi inaonekana.

Basi yule ndugu akawa anapaki barabara kuu, nje ya estate, mwendo wa dakika kadhaa kwa miguu, mahali hakuna dirisha linalotazama. Ikatokea kilichotokea. Wezi wa huku wana mtindo, wanaushika mlango wa pembeni wa van juu, wanauvuta kwa uzito wa mwili mpaka bati linakunjika, wanaingia. Hawavunji hata kioo. Asubuhi alikuta mashine zote zimekwenda. Fundi bila vifaa hana kazi siku hiyo, wala siku inayofuata, na mteja anayemsubiri anamtafuta mwingine. Wizi wa vifaa vya mafundi ni kilio kikubwa nchi hii. Mwanzoni mwa 2025 mafundi walipeleka magari yao mpaka jirani na Bunge, London, kudai hatua. Kwa fundi, gari kulala chini ya dirisha lake ni ulinzi, siyo ubishi.

Sasa, nani hasa anaweza kukushitaki? Siyo kila anayekasirika. Ni yule mwenye haki ya lile sharti: kampuni ya ujenzi ikiwa bado ina ardhi pale, au kampuni ya usimamizi wa eneo, ikiwa hati imeipa haki hiyo, na kwenye estate iliyopangwa kwa masharti ya pamoja, jirani naye anaweza, kwa kuwa kila mmoja aliahidi kwa faida ya wengine. Ndiyo maana mara nyingi kampuni ikishauza nyumba ya mwisho na kuondoka, barua zinakoma. Lakini sharti halijafa. Jirani mmoja mwenye muda na wakili anatosha kuliamsha.

Barabara nayo iulizieni. Kuna barabara ambazo halmashauri imezichukua rasmi, kwa makubaliano ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Barabara Kuu ya 1980, na kuna ambazo zimebaki za binafsi miaka nenda rudi. Ikishakuwa ya umma, na sharti lako linataja eneo la nyumba tu, van yenye bima, kodi na ukaguzi wake wa usalama, MOT, inaweza kupaki pale kama gari lingine, mradi haizibi njia na hakuna alama za kuzuia. Sharti likitaja na barabara za estate, kama lile letu, hapo muulize wakili.

Kulifuta sharti kunawezekana. Kifungu cha 84 cha Sheria ya Mali ya 1925 kinakuruhusu kwenda Upper Tribunal, mahakama maalumu, kitengo chake cha ardhi, kuomba lifutwe au lilegezwe, kwa mfano kama limepitwa na wakati, au linazuia matumizi ya busara ya nyumba bila kumpa mwenzako faida ya maana. Lakini ni kesi hiyo, jamani. Ni wanasheria, ni miezi. Kwa ajili ya mahali pa kulaza van, wengi wanashindwa njiani. Haya yote ni England na Wales. Walioko Uskoti wana sheria zao.

Walioko Marekani najua mnanisikiliza, na ninyi yenu ni makali zaidi, maana umoja wa wenye nyumba, HOA, unaweza kukupiga faini. Lakini Florida wamefanya jambo la kuigwa. Tangu Julai 1, 2024 sheria ya jimbo inazuia HOA kumkataza mwenye nyumba kupaki pikapu au gari lake la kazi kwenye njia ya gari ya nyumba yake, hata kama lina nembo ya biashara. Kinachobaki kuzuilika ni malori makubwa, ya kuanzia pauni 26,001 za uzito, kama tani 12 hivi. Hilo ndilo ningependa Uingereza waliige: lori la tani 12 likatazwe, sawa, lakini van ya fundi mwache nayo.

Na kuna wanaoniambia nikae kimya, masharti ni masharti, ni utaratibu wa wenyewe. Someni historia kidogo. Chombo hiki hiki, sharti kwenye hati, ndicho walichotumia Marekani kuzuia watu weusi kununua nyumba mitaa fulani, mpaka kesi ya Shelley na Kraemer ya mwaka 1948, iliyotokea St. Louis, ambapo Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilisema mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti ya rangi. Nairobi ya mkoloni pia, hati za viwanja vya mitaa ya wazungu zilimkataza Mwafrika na Mhindi kuishi pale, isipokuwa awe mtumishi. Sisemi van ni sawa na ubaguzi ule, sisemi kabisa. Nasema karatasi ya nyumba inaweza kuamua nani anakaa wapi, bila serikali kutamka neno.

Kwa hiyo kama unanunua huku, fanya hivi. Toa paundi 7, ingia tovuti ya HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, pata rejista ya umiliki ya nyumba hiyo. Ina sehemu tatu, A, B na C. Masharti yapo sehemu ya C, na mara nyingi itakuelekeza kwenye hati ya zamani ambayo nayo unaiomba. Kama ni nyumba mpya kabisa, omba rasimu ya TP1 kabla hujalipia hata ukaguzi. Kisha mwandikie wakili barua pepe moja: gari langu la kazi ni la aina hii, lina urefu huu, lina maandishi ubavuni, litalala mbele ya nyumba kila usiku, je, naruhusiwa, na nani anaweza kunizuia? Subiri jibu la maandishi.

Na wewe unayetuma pesa nyumbani, umeonyeshwa nyumba Kigamboni au Kitengela kwenye estate ya geti, usidhani haya ni ya wazungu. Tanzania tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, Kenya wana Sectional Properties Act ya 2020, na kwenye majengo ya namna hiyo wamiliki wanakuwa na chombo chao chenye kanuni. Estate za geti nazo zina mikataba yake. Mdogo wako utakayemweka mle anaendesha kirikuu au bodaboda? Omba kanuni za estate zije kwa maandishi kabla ya awamu ya kwanza ya malipo, utafute mahali palipoandikwa magari, usome mstari kwa mstari.

Wiki ijayo baba watoto mwenyewe atakaa kiti hiki, tutafungua rejista ya nyumba yetu hii ya zamani, nayo ina sharti la zamani sana la kutofungua baa. Mtaiona sehemu C ilivyo. Haya, mbaki salama.