Usitupe pakiti za maziwa: namna ya kuchambua nailoni za nyumbani na kupata viriba vya miche

Mugonile nyote, karibuni tena uani kwangu hapa Uyole, Mbeya. Ni Julai, baridi imekaza na upepo ndio huo mnausikia kwenye simu. Leo hatupandi. Leo tunakifungua hiki kiroba nyuma yangu, kina nailoni za miezi miwili za nyumba yangu na za majirani wawili: pakiti za maziwa, za chumvi, za biskuti, za sabuni ya unga, nailoni za mkate, na mifuko mbadala iliyokatika vishikio.

Wengi mnanifahamu kwa miche. Viriba ni gharama, na pakiti ya maziwa ya nusu lita ni kiriba kabisa, inautosha mche wa pasheni au wa pilipili. Ila kuna watu wameniandikia kwamba wakipeleka nailoni kwa mnunuzi wa chakavu wanarudishwa nazo. Chupa za maji anachukua, madumu anachukua, ndoo zilizopasuka anachukua. Nailoni anaikataa. Nataka muelewe kwa nini, maana ukielewa hilo kazi ya leo inakuwa nyepesi.

Tumwage mezani. Mwanangu, sogeza simu hapa. Kwanza tazameni uzito. Pakiti moja tupu ya nusu lita, mzani wangu unasoma kama gramu 3. Ili upate kilo moja unahitaji pakiti zaidi ya 300, zote zimeoshwa, zote zimekauka. Dumu moja tupu la lita 20 linaipita pakiti moja mbali sana. Mtu anayelipwa kwa kilo atahangaika na nailoni ya nini? Simlaumu. Halafu nailoni hubeba tope, mafuta na maji, kwa hiyo akikununulia kilo, nusu yake inaweza kuwa uchafu.

Sasa kuchambua. Shika pakiti, vuta kwa kidole gumba. Hii ya maziwa inatanuka taratibu kabla ya kukatika, umeona? Hii ndiyo nailoni laini, ndiyo tunayoitaka. Ya biskuti haitanuki, inachakacha na kuchanika. Weka kando. Nailoni za mkate hazifanani, nyingine zinatanuka, nyingine zinachakacha, kwa hiyo vuta kila moja.

Kipimo cha pili ni maji. Beseni hili lina maji na tone la sabuni. Nakata kipande cha chupa ya maji ya kunywa, nakitupia. Kinatakiwa kizame... Ngoja. Kinaelea. Mwanangu, usizime, acha waone. Ni hewa imeng'ang'ania chini yake. Kizamishe kwa kidole, kigeuze, kiachie. Sasa kimekwenda chini chenyewe. Plastiki ya chupa ni nzito kuliko maji, nailoni ya maziwa ni nyepesi, itarudi juu hata ukiizamisha mara kumi.

Ila hapa nawaomba mnisikilize vizuri: usiyaamini maji peke yake. Natupia kipande cha pakiti ya biskuti, ile yenye rangi ya fedha kwa ndani. Kinaelea! Kinaelea sawasawa na cha maziwa. Mwaka juzi nilichambua kwa maji tu, nikajaza kiroba, nikalipa bodaboda mpaka Mwanjelwa. Mnunuzi akaingiza mkono, akatoa pakiti tatu za kung'aa, akanirudishia kiroba kizima. Alikuwa na haki. Pakiti ya kung'aa ni tabaka za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja, na ule mng'ao ni alumini iliyopakwa nyembamba kuliko unywele. Hakuna mashine ya mtaani inayozibandua. Zikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia zinaharibu mzigo wa mwenzako.

Kwa hiyo baada ya maji, fanya hivi: finyanga pakiti kiganjani, halafu fungua mkono. Ya maziwa inabaki imejikunja. Ya biskuti inafumuka, inarudi kama ilivyokuwa. Rudia kwa kila pakiti. Kila pakiti, ndugu zangu, hata kama zimetoka duka moja.

Mifuko mbadala nayo. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, hii ndiyo tunayobebea. Inaonekana kama kitambaa, na jirani yangu alikuwa anaiweka na matambara ya kudekia. Ni plastiki, jamii moja na ya viroba. Inaelea pia. Lakini nailoni ya maziwa inayeyuka kwenye nyuzi joto 110 hivi, na hii inataka kama 160, kwa hiyo ukizichanganya, moja imekuwa uji na nyingine bado ni vipande. Mimi naishona vishikio, unarudi nao sokoni. Ukichanika kabisa, uende na viroba.

Tunaosha. Maji ya BARIDI kwanza. Najua huku kwetu Julai mkono unakataa, lakini ukianza na maji ya moto maziwa yanaganda kwenye nailoni kama ukoko, na harufu haitoki tena. Kata pakiti juu, ukingoni kabisa, ipindue ndani nje, suuza kwa baridi, ndipo uje na maji ya uvuguvugu na sabuni utoe mafuta. Pakiti za chumvi suuza mara tatu, chumvi iliyobaki inaunguza mizizi.

Kuanika: kamba na vibanio, moja moja, zimepinduliwa. Zikibandikana hazikauki, na kiroba kitanuka... Eh, ile imechomoka! Mwanangu, iwahi kabla haijavuka ua! Imenasa kwenye michongoma. Haya, ilete. Nailoni ya gramu 3 haihitaji mtu aitupe, upepo wa Uyole unatosha. Mvua ya kwanza ikinyesha inaingia mtaroni, mtaro unaziba, maji yanaingia vyumbani mwa watu. Basi vibanio viwili kwa kila pakiti.

Zilizokauka hizi hapa, za jana. Kutoboa ni rahisi: matundu manne chini na manne ubavuni, karibu na kitako, upana wa njiti ya kiberiti, kwa ncha ya mkasi. Usitumie msumari wa moto, nailoni inajikunja na moshi wake unaingia kifuani. Pembe mbili za chini zisukume ndani, kiriba kinasimama. Mimi napenda pakiti zenye maandishi mengi, maana zinazoonyesha ndani hupigwa mwanga na kuota ukijani ubavuni. Udongo mnajua: madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza, moja la mchanga. Jaza, gonga chini, panda.

Siku ya kuhamishia shambani, chana kiriba ubavuni, utoe mche na udongo wake, na nailoni uirudishe nyumbani. Ukiufukia nayo mizizi itajizungusha humo humo. Ioshe tope, iingie kwenye kiroba cha kuuza. Ninayempelekea mimi anapokea safi tupu, kiroba kikijaa, kwa hiyo muulize wako kabla hujalipa nauli.

Na zile za biskuti na sabuni? Hizo sina pa kuzipeleka, nazikunja na kuzishindilia kwenye chupa kavu ili zisipeperuke, chupa zinakwenda na gari la taka. Naomba sana jambo moja. Asubuhi za baridi wengi tunawashia jiko la mkaa kwa nailoni, mlango umefungwa, watoto wamekaa pembeni wanaota moto. Moshi ule ni sumu. Washeni kwa maganda ya mahindi, yamejaa msimu huu, na yanashika haraka.

Vile vipande vya ukingoni tulivyokata, viokoteni vyote, kuku wanavidonoa. Mwanangu, weka simu chini uje unisaidie, zimebaki pakiti kumi na nne na jua linashuka.