Giaboksi Isingiziwayo: Mhadhara kwa Mafundi wa Nakuru

Nashukuru kwa mwaliko, na nafurahi kuona wengi wenu mmekuja moja kwa moja kutoka kazini, ovaroli bado zina grisi. Mada yetu ni gari la dizeli la zamani, la otomatiki, linalobadilisha gia kwa kishindo. Nitazungumzia zaidi Mercedes 300D, ile ya muundo wa W123 iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1986, na W124 iliyoifuata. Toyota tutazigusa muda ukiruhusu. Nimechagua Mercedes kwa sababu huku kwetu kuna wazee waliokataa katakata kuziachia, na kwa sababu sijui giaboksi nyingine inayosingiziwa kama hii.

Mnajua inavyokuwa. Mteja anafika, anasema gari likitoka gia ya pili kuingia ya tatu linampiga teke la mgongo. Fundi anazunguka nalo mara moja, anarudi, anatamka: "Giaboksi imeisha, tuishushe." Boneti hata haijafunguliwa. Giaboksi inashushwa, inafunguliwa, pesa ya mzee inaliwa, inarudishwa juu, na teke liko pale pale.

Tuanze na swali moja. Giaboksi hii inajuaje kama dereva anatambaa mjini au anapanda Salgaa na mizigo?

Injini ya petroli ya zamani ina kipepeo kwenye njia ya hewa. Kipepeo kikifungwa, injini inavuta kwa nguvu na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya, inapatikana bure. Dizeli hizi hazina kipepeo. Zinameza hewa yote zinayoweza kupata, na nguvu inaongezwa kwa kuongeza dizeli tu. Ndiyo maana mbele ya injini kuna pampu ya vakyumu, na pampu hiyo moja inalisha familia nzima: busta ya breki inayosaidia mguu, kizimio cha injini, giaboksi, na kwenye W123 kufuli za milango pia; W124 milango yake ina pampu yake ya umeme.

Mgawo wa giaboksi unapitia kwenye valvu ndogo iliyokaa kwenye pampu ya dizeli. Kadiri unavyokanyaga mafuta, valvu ile inaipunguza vakyumu, na ukikanyaga mpaka chini haibaki kitu. Kinachosalia kinapita kwenye mrija mwembamba hadi kwenye modyuleta, kile kikopo cha bati kilicho ubavuni mwa giaboksi, chenye kiwambo cha mpira ndani. Vakyumu ikiwa nyingi, giaboksi inaelewa kwamba mzigo ni mdogo, inapunguza shinikizo la mafuta na gia inaingia kwa upole. Vakyumu ikiisha, inaelewa kwamba dereva anataka nguvu zote, inakaza klachi mara moja.

Sasa mrija ukipasuka mahali, dereva anatambaa kwenye foleni, giaboksi inaambiwa anapanda mlima. Ni kama mzee asiyeona anayeongozwa na mjukuu kwa fimbo: mjukuu akimpeleka shimoni, usimpeleke mzee hospitali ya miguu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza hakihitaji hata spana. Nazima gari kwa ufunguo. Injini ikiendelea kunguruma kwa sekunde kadhaa, au ikikataa kuzima mpaka ubonyeze kile kiwiko kilichoandikwa STOP, vakyumu inavuja au pampu imechoka. Kisha, kama ni W123, nafunga kufuli ya mlango wa dereva na kusikiliza milango mingine. Ikijifunga yote kwa pamoja, vizuri. Mmoja ukisitasita, au ukabaki wazi, hapo kuna la kufuatilia. Naona wengine mnacheka, lakini ndivyo ilivyo: kiwambo kilichochanika ndani ya mlango wa nyuma kinaweza kufanya gia igonge. Chomoa mrija wa milangoni pale unapogawanyika, uzibe kwa kifuniko kinachobana, kisha endesha. Teke likilainika, fungua mlango, uiache giaboksi ipumzike. Ila mrija mnene wa busta ya breki usiuzibe ukaingia nao barabarani. Hilo silihitaji kulieleza.

Njooni sasa kwenye geji, kwa sababu hapa ndipo vitabu vinapotupoteza. Mnapima vakyumu kwa inchi za zebaki, na kitabu kimeandikwa na mtu aliye karibu na usawa wa bahari, ambako ukomo wa vakyumu ni karibu inchi 30. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na hata pampu mpya kabisa haiwezi kuvuka inchi 24 hivi. Kisumu, kwa mita kama 1,130, ukomo ni karibu 26. Kijana anapima hapa, anapata 21, anafungua kitabu, anasema pampu imekufa. Haijafa! Hiyo inafanya kazi nzuri sana kwa mahali ilipo. Lakini 21 hiyo hiyo ukiipata Mombasa, ianze kukutia shaka. Andikeni namba ya mji wenu kwa kalamu ya rangi kwenye kisanduku cha geji.

Mwinuko una jambo lingine. Injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, inapungukiwa nguvu huku juu, kwa hiyo dereva anakanyaga zaidi ili kupata mwendo ule ule. Valvu inasoma mguu wake, haisomi nguvu halisi ya injini. Gari lililokuwa laini Pwani linaweza kubadilisha gia kwa ukali kidogo likifika Timboroa, bila chochote kuharibika. Modyuleta nyingi zina kishikio cha kuzungusha cha kurekebishia chini ya kofia yake, na hapo unaweza kulainisha kidogo. Kidogo, halafu unaendesha, halafu unaamua tena. Na usiguse kabla hujamaliza uvujaji wote, maana utakuwa unarekebisha uongo.

Ukiwa chini ya gari, chomoa mrija wa modyuleta uuchungulie. Ukavu ni habari njema. Ukiona mafuta mekundu ndani yake, kiwambo kimetoboka na pampu ya vakyumu inanyonya mafuta ya giaboksi kuyapeleka kwenye injini. Huyo ndiye mteja anayelalamika kwamba mafuta ya giaboksi yanapungua kila mwezi na chini ya gari hakuna hata tone. Modyuleta inabadilishwa kutoka nje. Nasisitiza: kutoka nje, giaboksi ikiwa mahali pake.

Kuna kosa la upande wa pili, na mimi naliogopa kuliko teke. Gari linabadilisha gia kwa ulaini wa ajabu, mwenye gari anafurahi, lakini katikati ya gia unasikia injini inapanda mlio peke yake kabla haijashikwa. Hapo vakyumu ni nyingi kupita kiasi, labda ile valvu iliyo kwenye pampu ya dizeli haiachii. Klachi zinateleza na kuungua. Teke linamuudhi abiria. Mtelezo huu ndio unaoiua giaboksi. Fundi anayelainisha gia mpaka mteja amsifu huenda anamwandalia bili.

Mafuta nitayapitia haraka kwa sababu mnayajua. Yapime gari likiwa moto, mahali tambarare, injini ikiunguruma, gia ikiwa P, ya kuegesha. Kijiti kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, wala si ile pamba ya gereji, kwa sababu nyuzi zikiingia kwenye valvu za ndani umejitafutia kazi. Yakinuka kuungua na kuwa meusi, hapo nakubali tuongee habari za kushusha.

Na tofautisheni teke la barabarani na lile la kuingiza D ya mbele au R ya nyuma gari likiwa limesimama. Hili la pili mara nyingi linatokana na mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta uliowekwa juu mno, maunti za mpira zinazoshikilia injini zilizokatika, au zile diski za mpira zinazounga propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ingia chini, shika shafti kwa mkono, izungushe huku na huku, tazama mpira unapopasuka kuzunguka boliti. Kazi ya dakika tano.

Kaka pale nyuma ameuliza kuhusu Toyota Prado na Surf za dizeli. Hizo hazitumii vakyumu kwa kazi hii. Nyingi za zamani zina kebo inayotoka kwenye mkono wa pampu ya dizeli kwenda giaboksi, na kebo hiyo ndiyo inayosema mzigo ni kiasi gani. Ikivutwa mno, gia zinachelewa na kugonga. Ikilegea, zinaingia mapema na kuteleza. Kwa hiyo mtu akikuletea Surf iliyotoka kubadilishwa pampu na sasa inapiga teke, muulize kwanza ni nani aliyeifunga ile kebo. Zile zenye kompyuta, washa ufunguo utazame taa ya O/D OFF, ile ya kuonyesha gia ya juu imezimwa, kwenye dashibodi. Ikiwa inamemeta bila kukoma, kompyuta imeshahifadhi kosa. Lisome kabla hujagusa boliti yoyote.