Biti Ndiyo Inayopima Tundu

(Mhadhara kwa mafundi wa AC, umeme na aluminiamu, Dar es Salaam)

Asalaam alaikum, na habari za asubuhi. Wazee, shikamooni. Vijana mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, hakuna atakayewaita ubaoni.

Nimeombwa nizungumzie biti za ukutani, yaani vile vyuma vya kutobolea vinavyochomekwa kwenye drili ya nyundo, ile ambayo wengine wetu tunaiita hilti hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafunga mabano ya AC ghorofa ya tatu, upande wa nje. Biti yangu ya namba 12, yaani ya milimita 12, ilikuwa imenitumikia mwaka mzima, nikaipenda kama mtoto. Nikatoboa, nikaweka anka bolti, ikagoma kuingia. Nikagonga kwa nyundo, ikaingia robo ikakwama. Nikafanya tunachofanya wengi: nikaichomoa, nikairudisha biti tunduni, nikawasha mashine huku nikiiyumbisha kulia na kushoto. Safari hii anka ikaingia kwa kidole. Nikakaza nati. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikawa kama imekubali. Nikateremka, nikalipwa, nikaondoka. Kesho yake mwenye nyumba akanipigia: "Fundi, hii kitu inacheza kama jino bovu." Na chini ya ile AC palikuwa na mama anakaanga vitumbua kila alfajiri.

(Kicheko ukumbini.)

Mnacheka, lakini mnaijua hiyo kuyumbisha. Anka bolti ya kutanuka haina gundi. Inashika kwa sababu ukikaza nati, ile pete ya chuma chini inatanuka na kusukuma kuta za tundu. Tundu likiwa pana au limekaa kama yai, pete inatanuka hewani. Kosa langu halikuwa mkono wala mashine. Biti ndiyo ilikuwa imekwisha, nami sikujua, kwa sababu kwa macho ilikuwa bado biti.

Ninazo hapa mbili, zote zimeandikwa 12. Njoo, wewe kaka wa fulana ya kijani, shika kalipa. Pima kichwa hapa kwenye kabaidi, kile kipande kigumu cha nchani, kona hadi kona, siyo kwenye mwili wa chuma. Unasoma ngapi? Kumi na mbili nukta tatu na kitu. Sawa. Hiyo ni mpya. Sasa hii nyingine. Kumi na moja nukta nane. Wote mmesikia? Biti mpya ya 12 haina kichwa cha 12 kamili. Hutengenezwa kikiwa kinene kidogo ili anka ya 12 ipite bila kupigana. Watengenezaji wa anka wa Ulaya huandika kikomo kwenye karatasi zao: kwa anka ya 12, kichwa cha biti kisizidi milimita 12.5; kwa ya 10, kisizidi 10.45, kwa ya 8, kisizidi 8.45. Kwa hiyo uwanja tunaochezea ni nusu milimita, na sisi tunaingia na biti iliyolika, halafu tunasahihisha kwa kuyumbisha bega.

Ndiyo maana nasema biti ni kifaa cha kupimia. Mashine inapiga tu. Sasa tuishike biti tuanzie mkiani.

Mkia huu mnaoujua, wenye mifereji, unaitwa SDS-plus. Bosch walileta mfumo wa SDS mwaka 1975, na herufi hizo zilitokana na maneno matatu ya Kijerumani yanayomaanisha chomeka, zungusha, imekaa. Unene wake milimita 10. Ukiutazama utaona mifereji miwili iliyo wazi hadi mwisho, hiyo ndiyo inayozungushwa. Na vishimo viwili vilivyofungwa, humo ndimo gololi za mashine zinaposhika biti isitoke. Lakini hazijaikaba. Ichomeke kisha uivute: inacheza mbele na nyuma kama sentimita moja. Kuna kijana aliwahi kurudisha mashine dukani kwa sababu biti "imelegea". Haijalegea, ndivyo inavyotakiwa. Ndani mna pistoni inayobana hewa, hewa inarusha nyundo, nyundo inagonga kitako cha biti. Biti isipokuwa na nafasi ya kusogea, pigo linaishia kwenye mwili wa mashine na mkononi mwako.

Na hapo ndipo ilipo tofauti na ile drili ya kawaida yenye taya tatu na ufunguo, ambayo nayo ina alama ya nyundo pembeni. Ile haina pistoni. Ina sahani mbili zenye meno zinazorukiana, mapigo mengi sana lakini mepesi, na usipoisukuma kwa kifua haifanyi kitu. Kwa tofali inafaa. Kwa lenta ya zege utalia. Hii ya pistoni haitaki kusukumwa: ielekeze, iegemee kiasi cha kuifanya ianze kupiga, basi. Ukizidisha, unazima pigo na kupasha moto kichwa.

SDS-max ina mkia wa milimita 18 na ni ya mashine kubwa, za matundu mapana na kuvunjia. Kwa kazi za wengi humu, yaani AC, madirisha, mabomba, madishi, matundu ya 6 hadi 16, plus inatosha. Kwenye kibandiko cha mashine tafuta namba inayofuatwa na herufi J. Hiyo ni nguvu ya pigo moja. Mashine nzuri ya kilo tatu hivi ina 2 hadi 3. Msikimbilie wati peke yake. Wati ni umeme inaokula.

Jambo moja la mkia kabla sijaliacha. Kuna kile kiunganishi cha taya tatu chenye mkia wa SDS, cha kushikia biti zenye mkia wa duara, za mbao na chuma. Kile ni cha kuzungusha tu. Ukiweka mashine kwenye nyundo nacho kikiwa kimefungwa, unakiua, na biti inateleza ndani ya taya.

Twende kichwani, huko ndiko kwenye pesa.

Kile kipande cheusi-kijivu pale nchani siyo chuma cha kawaida. Ni kabaidi ya tungsteni: unga wa kabaidi uliofungwa kwa kobalti na kuokwa. Mjerumani Karl Schröter aliiandikia hataza mwaka 1923 akiwa Osram, kampuni ya taa, maana walikuwa wanatafuta kitu kigumu cha kuvutia nyuzi za tungsteni za balbu. Krupp wa Essen wakaiuza kwa jina la Widia, kifupi cha maneno yanayomaanisha "kama almasi". Kwa hiyo ukitoboa ukuta wa Tandika leo unatumia kitu kilichozaliwa kwenye kiwanda cha balbu.

Kabaidi ni ngumu lakini ina roho nyepesi. Joto la ghafla haliwezi. Nimeona kijana, fundi mzuri kabisa, ana ndoo ya maji pembeni. Kila tundu likiisha anachovya biti, inalia shiii, anafurahi imepoa. Chuma na kabaidi havisinyai sawa. Chuma husinyaa karibu mara mbili ya kabaidi. Ukichovya, vinavutana pale vilipounganishwa, nyufa zinaingia, na tundu la kumi kipande kinabaki ndani ya zege. Hapo analaumiwa Mchina. Iache ipoe yenyewe, au toboa na biti mbili kwa kupokezana.

Ukiwa dukani, Kariakoo au kokote, toa biti kwenye plastiki. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Tazama mstari pale kabaidi inapokutana na chuma: uwe umejaa pande zote, usiwe na uwazi unaoingia ukucha. Tazama kama ncha iko katikati. Ivingirishe juu ya kioo cha kaunta. Ikiwa imepinda utaona mwanga unafunguka na kufunga chini yake. Zile zilizotengenezwa kwa kipimo cha Ujerumani huwa na alama ya PGM, na alama hiyo inahusu kilekile tulichopima na kaka hapa, unene wa kichwa. Alama inaweza kughushiwa, najua. Kalipa haighushiwi, na bei yake ni ndogo kuliko AC iliyoanguka.

Halafu kuna vichwa vya makali mawili na vya makali manne. Cha mawili ni bapa, kama tindo ndogo. Ni rahisi, kinatoboa haraka, na kwa tofali sioni sababu ya kulipa zaidi. Cha manne kimekaa kama msalaba. Faida yake utaiona kwenye zege lenye nondo. Makali mawili yakikutana na ukingo wa nondo, yanadaka. Mashine inageuka, na kiwiko chako kinageuka nayo. Ya manne huwa yanapangusa tu na kuendelea. Tundu lake pia ni duara zaidi, na anka inapenda duara.

(Swali kutoka nyuma: "Mwalimu, ukikuta nondo yenyewe, katikati?")

Utaijua. Mlio unapanda, mashine inarukaruka, na vumbi linaacha kutoka. Badala yake unaona vichembe vinavyong'aa. Simama. Biti ya ukuta haikati chuma, inakiparua huku ikijimaliza. Sogeza tundu. Na kama ni boriti au nguzo, usiikate ile nondo hata kama una biti ya chuma. Mhandisi hakuiweka pale kama pambo. Muulize.

Sasa ukuta. Hapa pwani kuta hazifanani. Hata zege na zege: lililotengenezwa kwa kokoto nyeupe za Kunduchi, ambazo ni mawe ya chokaa, biti inaingia kama kwenye biskuti. La kokoto nyeusi za Lugoba utalijua kwa mlio tu. Ukipewa kazi ya matundu mia, toboa moja kwanza ndipo utaje bei ya biti.

Tofali la saruji lililo gumu, piga nyundo. Lenye uwazi ndani, zima nyundo unapokaribia kutokea, la sivyo upande wa ndani unameguka na plagi ya skrubu inaning'inia hewani. Tofali za kuchoma, zile za Iringa na Mbeya, mimi hupenda kuzungusha tu bila nyundo, kwa biti kali. Ukipiga, mdomo wa tundu unafunguka kama tarumbeta. Na wanaokwenda Unguja kufunga AC Mji Mkongwe, nisikilizeni vizuri. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata nusu mita na zaidi. Huwezi kujua kama biti yako imeangukia jiwe au udongo wa chokaa kati ya mawe. Anka ya kutanuka humo inasukuma kitu kinachosogea. Tumia biti ndefu, zungusha bila nyundo, na ufunge kwa dawa ya kemikali, ile gundi ya kushikia anka, inayojazwa ndani ya soksi ya wavu. Isitoshe mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo ukuta hautobolewi kabla ya kibali.

Vigae: nyundo marufuku mpaka uvuke kigae. Anza na biti ya vigae au ya almasi, ukifika kwenye saruji ndipo ubadilishe. Hilo mnalijua, ila mnaona uvivu.

Urefu. Biti iliyoandikwa 8 × 160 haitoboi milimita 160. Urefu wa kazi ni 100, kinachobaki ni mkia na shingo. Na tundu liwe refu kuliko anka kwa kama sentimita moja, vumbi lina mahali pa kukaa. Hata hivyo vumbi litoeni: pulizeni kwa pampu ya baiskeli, pitisheni brashi, pulizeni tena. Msipulize kwa mdomo na mrija. Vumbi la zege lina silika, linaingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuondoa. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Nunueni ile iliyoandikwa N95 au FFP2.

(Swali: "Biti ikiisha makali, naweza kuinoa kwenye grenda?")

Kwa jiwe la kawaida la kijivu, hapana; kabaidi italila jiwe. Kuna jiwe la kijani, hilo linanoa. Lakini noa uso wa mbele tu, kidogo kidogo, bila maji. Makali yatarudi. Unene hautarudi, kwa sababu zile kona zilizolika pembeni huwezi kuziongezea nyama. Itatoboa vizuri kabisa, ila haitakuwa 12 tena. Yangu ile ya AC bado ninayo, ndiyo hii aliyoipima kaka. Nimeipaka rangi nyekundu mkiani, natobolea njia za waya, na kijana wangu anajua nyekundu haiwekwi kwenye boksi moja na anka.